Santuri za babu: weka hiyo spiriti chini

Omera, weka hiyo chupa chini kwanza. Umeandika umerithi kasha la santuri za babu kutoka Bondo, unataka kununua kinanda cha kuzichezea, cha sanduku chenye sura ya kizamani, unauliza jina gani la kampuni ni la kweli, na Jumamosi utasugua sahani zote kwa spiriti ya duka la dawa. Hiyo Jumamosi ndiyo itakayokuliza.

Soma leboli ya kila sahani. Ikiwa imeandikwa 78 (mizunguko kwa dakika), au ni nzito, ngumu, na ukiigonga kwa ukucha inalia kama kigae, hiyo kwa kawaida si plastiki. Ni shelaki, utomvu wa mdudu uliochanganywa na unga wa mawe na masizi. Shelaki huyeyuka kwenye alkoholi. Mafundi wa samani huiyeyusha kwa spiriti wapate polishi ya mbao! Sasa wewe utapitisha kitambaa, kitatoka cheusi, utafurahi kwamba uchafu wa miaka sitini unatoka. Si uchafu huo. Ni sahani yenyewe, na mwimbaji amebaki kwenye kitambaa. Ukirudia, uso unapoteza mng'ao, mifereji inalainika, na ukicheza unasikia mvua ya mabati. Hakuna fundi wa kurudisha hiyo. Sanitaiza pia ni alkoholi, usijidanganye.

Mimi nilimfuata bwana mmoja wa video, "pangusa, kausha, cheza", kumbe alikuwa ameshika sahani za plastiki na hakutamka 78 hata mara moja. Ana taa nzuri na ndevu zilizochanwa, basi tukaamini. Zangu nne sasa ni sinia za karanga. Cheka tu, karanga zinakaa vizuri.

Ya kuoshea ni hivi: lita moja ya maji yaliyotoneshwa, yale wanayouza petroli stesheni ya kuongeza kwenye betri (maji, si asidi, soma chupa), na matone mawili ya sabuni ya vyombo. Ya mfereji yakikauka yanaacha chumvi. Usiloweke sahani majini, unga ulio ndani hunywa maji. Lowesha brashi yenye nywele laini, zungusha kufuata mifereji, usikate kati, na leboli isiguswe, wino wake hukimbia. Suuza kwa maji yaleyale bila sabuni, futa kwa pamba isiyoacha nyuzi, simamisha kwenye reki ya vyombo kivulini mpaka kesho. Juani hapana, na ndani ya gari pale soko la Kibuye saa saba hapana kabisa, hata zile za plastiki zitapinda kama chapati.

Zile 45 za benga ni plastiki, zinavumilia zaidi, lakini sabuni hiyohiyo inazitosha.

Sindano: mfereji wa 78 ni mpana, unataka ncha ya sehemu 3 kati ya elfu moja za inchi. Ncha ya kawaida ni kama sehemu 0.7 tu, inazama chini na kukwaruza vumbi. Kwa kichwa (kile kinachoshika sindano) cha Audio-Technica VM95 kuna sindano ya SP ya 78, unabadilisha kwa vidole. Hakikisha kinanda kina kasi ya 78: kwa vinanda vya kampuni hiyohiyo, AT-LP60X ina 33 na 45 tu, AT-LP120X inazo zote tatu.

Sanduku lako? Kinanda cha Victrola cha 1906 kilizungushwa kwa mkono. Jina hilo leo liko pia kwenye masanduku ya Bluetooth. Ukweli uko kwenye mkono wa sindano, si kwenye jina. Masanduku mengi hukandamiza gramu 5 hivi na hayana pa kurekebisha, wakati 45 zako zinataka kama 2.

Na ukikuta sahani ambayo leboli imeliwa na mende, ihesabu kuwa shelaki. Spiriti mpe fundi wa samani.