Je, zaka yangu inaweza kulipa minervali (ada ya shule) ya mayatima niliowaahidi?

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh. Mimi ni mama muuza vitenge, soko la Kadutu, hapa Bukavu. Jirani yangu alipofiwa na mumewe, niliwaambia watoto wake watatu kwamba nitawalipia shule mpaka wapate diploma ya serikali. Sasa biashara imelegea. Zaka yangu hutimiza mwaka katika Ramadhani. Je, naweza kuwalipia minervali kwa zaka hiyo, au nitakuwa nimeikwepa ahadi yangu kwa mali ya Allah? Na binti mkubwa anataka kusomea uuguzi baadaye.

JIBU: Wa alaykumu ssalaam wa rahmatullah, mama yetu. Swali lako limenigusa, maana kila Septemba wazazi hutujia msikitini wameshika karatasi ya prefe, mkuu wa shule ya sekondari, mkononi. Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali ni za bure, alhamdulillah, lakini mtoto akishavuka darasa la sita anakutana na minervali, na wengi wanaishia hapo.

Kumbuka kwanza ulitamka nini siku ile. Ikiwa ulisema, "Nimejiwajibisha kwa ajili ya Allah kuwasomesha", hiyo ni nadhiri. Nadhiri ni wajibu peke yake na zaka ni wajibu peke yake, pesa moja haiwezi kubeba vyote viwili. Hapo utawalipia kwa mali yako nyingine, na ukishindwa kabisa, njoo tuzungumze juu ya kafara, yaani fidia ya nadhiri isiyotimizwa. Lakini ikiwa ulisema tu "nitawalipia", kama ulivyoandika, hiyo ni ahadi. Wanazuoni wengi wanasema kuitimiza ni jambo lililosisitizwa sana, ila si deni la kisheria. Kwa hiyo ukiwapa zaka hujajilipia deni lako. Umempa fakiri haki yake.

Nasema fakiri, sikusema yatima. Uyatima haumo katika mafungu manane ya wanaostahiki zaka, yaliyotajwa katika aya ya 60 ya Sura at-Tawba. Ikiwa baba yao aliwaachia nyumba za kupangisha zinazowatosha, zaka si yao. Ninavyomwelewa jirani yako, hawana kitu, basi wanastahiki. Na wewe hulazimiki kisheria kuwalisha, kama ungekuwa mama yao, kwa hiyo hakuna kizuizi.

Usiende kumlipa prefe kimya kimya. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu tunaifuata, zaka lazima imfikie mwenyewe mikononi. Mpe mama yao kwa niaba ya watoto, yeye aende kulipa, na ukitaka mfuatane. Nia uiweke wakati wa kutoa. Si lazima umtajie kwamba ni zaka, na afadhali usimtajie. Allah ametukataza, katika al-Baqara aya ya 264, kuziharibu sadaka zetu kwa masimango na maudhi. Mtoto anayeambiwa kila siku "bila mimi ungekuwa unabeba mizigo sokoni" ameshasimangwa, hata kama yalisemwa kwa kicheko.

Sasa kuhusu tarehe. Minervali inadaiwa kuanzia Septemba, kwa awamu, na Ramadhani inakuja miezi baadaye. Kuizuia zaka iliyokwisha kuwajibika ili ungojee shule ifunguliwe haifai, lakini kuitanguliza inafaa: Abbas, ami yake Mtume (s.a.w.), aliomba ruhusa ya kutoa zaka yake kabla ya wakati, akaruhusiwa. Basi maadamu mali yako sasa inafikia nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu, toa kila awamu uandike daftarini. Ramadhani ikifika, hesabu vitenge vilivyobaki kwa bei ya soko pamoja na pesa iliyopo, toa asilimia 2.5, na ulichotanguliza ukipunguze humo. Ukikuta mali imeshuka chini ya nisabu, ulichokwisha kutoa kitakuwa sadaka ya kawaida, na thawabu yake ipo.

Na isipotosha kwa wote watatu? Hapa nakupa rai yangu, wala si hukumu. Usiigawe sawa sawa. Anza na aliye karibu na Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari. Nimemwona kijana wa msikiti wetu akirudishwa nyumbani akiwa finalisti, miezi michache kabla ya mtihani, kwa sababu mfadhili wake aliongeza watoto wengine juu ya pesa ile ile. Miaka yote ile ikabaki bila diploma, na bila diploma mlango wa chuo haufunguki. Roho iliniuma. Hao wadogo wawili, mwambie mama yao mapema, kabla ya Septemba, ili atafute mkono mwingine. Hata kikundi chenu cha likelemba, cha kuchangiana pesa kwa zamu, kinaweza kumchukua mmoja.

Ama huyo binti na uuguzi: Imam Nawawi alieleza kwamba mwenye nguvu za kuchuma, ikiwa kuchuma kutamzuia kutafuta elimu, anaruhusiwa kupokea zaka. Yeye alikusudia elimu ya dini. Wanazuoni wengi wa zama zetu wameingiza na elimu nyingine ambazo umma unazihitaji, na tiba Imam Ghazali aliihesabu katika faradhi za kutosheleza, yaani wajibu ambao wakiutimiza baadhi ya watu unawatosha wengine. Mimi nauchukua mwelekeo huo bila wasiwasi. Akipata diploma yake na akakubaliwa ISTM, chuo cha ufundi wa tiba, naye bado hana uwezo, mpe. Akishaanza kupokea mshahara unaomtosha, haki hiyo inahamia kwa fakiri mwingine.

Wallahu aalam.