Jibu: Kuvu ya mbawakawa isiyobadilisha rangi ya guaiakoli

Salaam ndugu. Umeeleza kwamba kuvu uliyoitoa kwenye matundu ya mbawakawa wa ambrosia (wadudu wanaotoboa mbao na kulima kuvu humo), ndani ya gogo la mwembe huko Muheza, haikuleta rangi yoyote kwenye agari (rojo ngumu ya kuoteshea kuvu) yenye guaiakoli, dawa inayogeuka rangi kuvu ikitoa vimeng'enya vya kuvunja lignini, yaani kitu kinachoupa mbao ugumu, nawe unashuku kuwa dawa imeharibika. Kwanza pandikiza uyoga wa mamama (Pleurotus), unaovunja lignini vyema, kwenye sahani ya mchanganyiko huohuo. Ukileta wekundu wa hudhurungi, dawa ni nzima. Binafsi naishuku kuvu yenyewe, kwa kuwa nyingi zinazolimwa na mbawakawa hawa, kama vile Raffaelea na Ambrosiella, huvunja lignini kidogo tu au haziivunji kabisa. Mdudu huila kuvu wala hali mbao, ndiyo maana unga wa mbao husukumwa nje ya tundu. Flavodon ambrosius ni ya pekee, kwani huozesha mbao kwelikweli.

Hapa Tanga mjini mimi huanza na kipimo cha selulasi, kimeng'enya kinachovunja selulosi (nyuzi za mbao): agari yenye CMC, yaani selulosi inayoyeyuka majini, kisha, kuvu ikishatanda kidogo, naimwagia ayodini. Duara angavu kandokando ya kuvu, huku kwingine kukiwa kweusi, huonyesha kwamba selulosi imeliwa. Sampuli ichukue kwenye ukuta wa tundu, si kwenye unga wa nje, uliojaa ukungu wa kila namna. Zailanasi, kimeng'enya kinachovunja zailani, sehemu nyingine ya mbao, sijaipima mwenyewe.