“Wane” kwenye karatasi ya mbao ni nini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha mbao hapa Mafinga. Mnunuzi mmoja ametuletea karatasi ya madaraja ya mbao kwa Kiingereza, na kwenye orodha ya kasoro, baada ya vifundo na nyufa, kuna neno “wane”. Kamusi yangu inasema ni mwezi kupungua. Mwenzangu anasema wamekosea, walitaka kuandika “want”. Nani yuko sahihi? Na niandikeje kwa Kiswahili ili vijana wa msumenoni waelewe?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Karatasi haijakosea, na kamusi yako pia haijakosea. Mwenzako amekosea kuhusu karatasi, lakini amegusa undugu wa kweli, nami nitaurudia.

Nenda kwanza kwenye rundo la mbao zenu, uchague mbili kwa nne iliyopasuliwa kwenye gogo jembamba. Itazame kichwani na uhesabu kona. Ulitarajia nne, zote kali. Utakuta tatu, na ya nne imeviringa, pengine gome bado limeng’ang’ania. Gogo ni la mviringo, tena linakonda kuelekea kileleni. Mpasuaji akitaka kupata mbao nyingi kadiri inavyowezekana, ubao mmoja utaangukia mgongoni mwa mti, na msumeno utapita hewani mahali ambapo kona ingekuwa. Hiyo ndiyo “wane”. Si kuoza, wala si kazi ya wadudu. Mti uliopo ni mzima kabisa, ila haukutosha kuijaza kona. Kwa mnunuzi tofauti hiyo ni kubwa: mbao iliyokosa kona ina unene mdogo mahali hapo, misumari inapata pa kushika padogo, na gome lililobaki linaweza kuwa maficho ya wadudu.

Sasa mwezi umeingiaje? Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, kilikuwa na neno “wana”, maana yake pungufu, kilichokosa kitu. Lilitumika hata kwenye hesabu: ukitaka kutaja 29, unaweza kusema thelathini, moja “wana”. Likawa na kitenzi chake, “wanian”, kupungua, na hicho ndicho kilichobaki kwa mwezi unaokwisha. Mbao nayo ikabaki na jina la kilichopungua. Mwezi uliolika ubavuni na mbao iliyolika pembeni vinaitwa kwa neno lile lile, na ukivitazama pamoja utaona kwa nini.

Mswahili hahitaji maelezo marefu hapa, kwa sababu anayo “kasoro”. Neno hili tulilipata kwenye Kiarabu, na linafanya kazi zote mbili: mbao ina kasoro, na saa ni mbili kasoro robo. Upungufu wa kitu na upungufu wa hesabu, neno moja. Kuna mahali ninapopapenda sana, 2 Wakorintho 11:24, Paulo anapotaja viboko alivyopigwa. Biblia ya Kiswahili inasema “mapigo arobaini kasoro moja”. Kigothi, ndugu wa mbali wa Kiingereza, kilitafsiriwa Biblia katika karne ya 4, na pale pale penye “kasoro” yetu kiliweka “wanans”, neno la ukoo huu huu wa “wana”. Watafsiri wawili waliotengana kwa miaka elfu na zaidi, kila mmoja akafikia neno la upungufu alilokuwa nalo mkononi. Ukoo wenyewe unafika hadi India: katika Kihindi 19 ni “unnis” na 29 ni “untis”, na ile “un” ya mwanzo imetoka kwenye neno la Kisanskriti “una”, pungufu. Kwa hiyo 19 ni ishirini pungufu.

Nirudi kwa mwenzako. “Want” ni ndugu wa “wane”, ila alikuja kwa mlango mwingine. Wavikingi, mabaharia waliotoka Skandinavia, walipokaa kaskazini na mashariki mwa Uingereza kuanzia karne ya 9, walikuja na neno lao “vanr”, pungufu, na kitenzi “vanta”, kukosa. Hadi leo mtu wa Iceland, ambaye lugha yake inatokana na ile ya Wavikingi, akisema “mig vantar”, anakueleza kwamba amepungukiwa na kitu. Kiingereza kilipolichukua, “want” ilimaanisha kukosa. Maana ya kutaka ilishika katika karne ya 18. Njia yenyewe inaeleweka: aliyepungukiwa na unga anautaka unga.

Nakusihi uishike maana ile ya zamani, maana inawapoteza hata watafsiri waliosoma. Zaburi ya 23 katika tafsiri ya Kiingereza ya 1611 inasema “I shall not want”. Nimesikia watu wakiieleza kwamba ni “sitataka kitu”, kana kwamba mwimbaji anaahidi kuacha tamaa. Watafsiri wetu waliiandika sawasawa: “sitapungukiwa na kitu.” Vivyo hivyo Danieli 5:27, mfalme aliyewekwa kwenye mizani akaonekana “wanting”: amepunguka. Mizani haikumtuhumu kwamba anataka kitu.

Neno jingine la kujihadhari nalo ni “wan”, uso uliopauka. Linafanana na “wane” kwa sura, lakini asili yake haijulikani kwa hakika. Zamani lilimaanisha rangi ya giza. Usiliingize kwenye karatasi yako.

Kwa kiwandani, mimi ningeandika “kona pungufu”, na mara ya kwanza niongeze mabano: (kona iliyoviringa kwa umbo la gogo, yenye gome au isiyo na gome). Nisingeandika “mabanzi”. Kijana akiona neno hilo atafikiria vile vipande vya nje vya gogo ambavyo watu hununua kwa kujengea mabanda, atautupa ubao huko, na ubao wenyewe pengine unafaa kwa daraja la chini, au unafaa ukikatwa ukawa mfupi. Mwulize mnunuzi anakubali kona pungufu kwa kiasi gani katika upana, katika unene na katika urefu, kisha andika vipimo hivyo kwa sentimita pembeni mwa neno. Na akitaja “waney edge”, msimpunguzie bei haraka: huyo huenda ni fundi wa meza, anautafuta ubao wenye ukingo wa asili wa mti, na kwake hicho ndicho anachokilipia.