Gari linanguruma ukikanyaga mafuta: usinunue beringi kabla ya kupima haya

Mkuu, shika hela yako kwanza. Umesema Toyota IST yako ikiwa imewaka bila kukanyagwa imetulia, ila ukianza kuondoka au ukipandisha kilima inatoa ngurumo nzito inayoingia mpaka ndani, na fundi amekuambia beringi za mbele zimekwisha. Kwa maelezo hayo, beringi ningeishuku mwisho kabisa. Beringi haina habari na mguu wako. Inafuata mzunguko wa tairi. Ikiwa mbovu, ukifika spidi 80 kisha ukaachia mafuta, itaendelea kuvuma vilevile mpaka mwendo upungue. Tena mvumo wake hubadilika ukikata kona ndefu, kwa sababu uzito wa gari unaegemea upande mmoja. Wewe unasema ukiachia mafuta tu, kimya. Hiyo ni injini, ekzosi (bomba la moshi), au kile kinachoshika injini.

Jaribio la kwanza halihitaji spana. Gari lisimame mahali pa wazi, gia iwe P, hendibreki juu, kisha kanyaga mafuta polepole mpaka mshale wa mzunguko wa injini ufike kama 3,000. Ngurumo ikitoka hapohapo, matairi, beringi na shafti (vyuma vinavyopeleka nguvu kwenye matairi) vyote umeshaviondoa kwenye kesi. Isipotoka gari likiwa limesimama, lakini ikawa inatoka likibeba mzigo tu, basi angalia zaidi mauntini za injini (zile shikizo za mpira zinazoishika) na jointi za ndani za shafti.

Mimi yalinikuta kwenye Toyota Raum. Ngurumo ilikuwa inatokea chini ya miguu ya dereva kila ninapotoka kwenye tuta. Gereji ya kwanza walilala chini, wakaona fleksi imepasuka (ile sehemu ya bomba la moshi yenye wavu inayojikunja), wakaichomelea juu kwa juu, gari likanyamaza. Haikuchukua muda ikapasuka pembeni ya kile kidonda. Wakachomelea tena, ikapasuka tena.

Aliyelimaliza ni fundi mmoja mtu mzima ambaye hata chini hakuingia. Alinyanyua boneti, akaniambia nikanyage breki kwa nguvu zote, nitie D, niguse mafuta kidogo, halafu R, niguse tena. Injini iliruka kama punda anayekataa mzigo. Mpira wa mauntini ya nyuma ulikuwa umekatika kabisa. Kwenye magari haya injini imelazwa kwa upana, kwa hiyo kila ukikanyaga mafuta inataka kujipindua mbele na nyuma. Mauntini ndiyo inayoizuia. Ikifa, purukushani yote inakwenda kwenye bomba la moshi, na kinachoumia ni fleksi. Tukabadilisha mauntini kwanza, kisha fleksi nzima ikakatwa ikawekwa mpya. Kelele iliisha na haijarudi.

Ukifanya jaribio hilo, asisimame mtu yeyote mbele wala nyuma ya gari, na liwe la sekunde chache tu. Ukiendelea kukanyaga huku umeshika breki, mafuta ya gia boksi yanachemka haraka sana.

Kuvuja kwa ekzosi kupime asubuhi, injini ikiwa ndiyo imewashwa sasa hivi na bomba bado la baridi. Mtu mmoja avae glovu nene, azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kizito kwa muda mfupi, wewe usikilize kuanzia mbele kwenda nyuma. Penye tundu utasikia mlio wa upepo unaotoka, na mara nyingi pana masizi meusi. Kama kuna mlio wa tik-tik injini ikiwa baridi, ukapotea ikipata moto, shuku gasketi ya manifoldi (bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye injini) au manifoldi yenyewe kuwa na ufa, kwa sababu chuma kikipata joto kinatanuka na kuziba.

Hili la uvujaji usilichukulie kuwa ni kelele tu. Moshi unaotokea chini ya gari unaweza kuingia ndani, na kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Kama unabeba watoto wanaolala siti ya nyuma, usisafiri na hilo gari mpaka litengenezwe. Kweli kabisa.

Ukienda kuchomelea, hakikisha waya wa hasi wa betri umetolewa kwanza, na klampu ya ethi ya mashine ya kuchomelea ibanwe karibu na panapochomelewa. Umeme wa mashine ya kuchomelea unaweza kuua kompyuta ya gari. Pia usikubali kuchomelea juu ya wavu wa fleksi, kile kitu kimetengenezwa kijikunje, ukikigandisha kitapasuka tu. Na fundi akikwambia "tutoe masega gari lipumue" (masega ni kile kichujio cha kusafisha moshi ndani ya ekzosi), kataa. Kelele itaongezeka, moshi utakuwa mchafu zaidi, na masega yana platinamu na paladiamu, yana wanunuzi wake. Kama yamevunjika kweli, utasikia kitu kinachezacheza ndani ukiligonga bomba kwa ngumi likiwa limepoa, na bado ni mali yako, ondoka nayo.

Mengine kwa haraka. Mlio wa bati jembamba unaotokea kwenye mzunguko fulani tu ni kinga ya joto ya ekzosi iliyolegea, klampu moja inatosha. Mvumo wa kunyonya hewa mbele ni boksi la eakilina (kichujio cha hewa) ambalo halikufungwa vizuri baada ya sevisi, au mpira wake una ufa. Lakini ukisikia ko-ko-ko nzito kutoka tumboni mwa injini, zima hapohapo, chomoa dipstiki uangalie oili, na liburuzwe mpaka gereji.

Kesho kabla hujaondoka kwenda kazini, fanya lile jaribio la P, halafu la breki ukiwa na mtu wa kuangalia injini akiwa pembeni. Andika hapa kelele imetoka kwenye lipi, na kama injini inaruka. Tukijua hayo, tutakwambia ununue nini.