Wiki moja ya utume Ukerewe: tenki, gata na kichocho

WASOMAJI WAULIZA

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, wahariri. Nina miaka 22. Usharika wetu hapa Mwanza unanituma na vijana wenzangu saba kwa wiki moja ya huduma katika kijiji kimoja cha Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria. Mchana tutafanya kazi ya mikono shuleni, jioni tutaimba na kuhubiri. Wazee wametupa tenki la lita 5,000 tulifunge kwenye shule ya msingi ili livune maji ya mvua. Tuanzie wapi, na je, siku saba zinatosha?
Kijana wa kwaya, Mwanza

JIBU: Amina, kijana wetu. Siku saba zinatosha kufunga gata (mfereji wa kukinga maji ya paa), mabomba na tenki. Hazitoshi kujenga jukwaa la tenki na kulitumia wiki hiyohiyo, na hapo ndipo kazi nyingi za namna hii huharibika. Tenki hilo likijaa linabeba tani 5 za maji. Mkimwaga zege Jumatatu, mkapandisha tenki Alhamisi, na mvua kubwa ikanyesha Jumamosi, jukwaa litapasuka au kuzama upande mmoja. Tenki litainama na bomba litachomoka pale lilipoungwa. Wakati huo nyinyi mmeshavuka kurudi nyumbani, na shule imebaki na hasara.

Ombeni basi jukwaa lijengwe wiki tatu kabla hamjafika. Udongo laini uondolewe hadi ardhi ngumu, kuta ziwe za mawe, na juu liwekwe zege la saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4, unene wa sentimita 15. Lifunikwe kwa magunia na kumwagiliwa maji asubuhi na jioni kwa siku 7. Lizidi upana wa tenki kwa sentimita 15 kila upande, na uso wake uwe sawa kwa pima maji, bila kokoto iliyochomoza kutoboa tenki. Kimo kiwe sentimita 60, ili ndoo ya lita 20 ikae chini ya koki. Koki ikiwa chini mno, watoto watachimba shimo la kuwekea ndoo, shimo litajaa tope, na maji yataula msingi kidogo kidogo.

Sasa gata. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Tuseme upande mmoja wa paa una mita 12 kwa 5, yaani mita 60 za mraba: mvua ya milimita 20 inaleta lita 1,200. Toeni sehemu ya tano inayopotea kwa kuruka na kuvuja, zinabaki lita 960. Mvua tano au sita za namna hiyo zinajaza tenki. Gata lishuke sentimita 1 kwa kila mita, yaani sentimita 12 kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Pigeni uzi kwanza, msikadirie kwa macho. Vishikizo viwe kila sentimita 60, kwa sababu gata lililojaa ni zito, na likilegea katikati linageuka dimbwi la mbu. Ukingo wa bati uingie ndani ya gata, lakini usipite katikati yake; ukipita, mvua kali itaruka nje yote.

Maji ya kwanza ya kila mvua yana vumbi na kinyesi cha ndege, hivyo yasiingie kwenye tenki. Tengeni nusu lita kwa kila mita ya mraba. Kwa paa hilo ni lita 30. Bomba la inchi 6 lililosimama wima, lenye urefu wa mita 1.7, linazibeba. Likijaa, maji yanayofuata yanapita juu kuelekea kwenye tenki. Chini liwe na kifuniko cha kufungua na tobo dogo la kutoa maji yake taratibu. Tobo likiziba, bomba hubaki limejaa na uchafu wa mvua inayofuata huingia moja kwa moja kwenye tenki. Wekeni pia wavu wa mbu kwenye mdomo wa tenki na kwenye bomba la kutolea ziada.

Kabla ya yote pateni kibali cha mwalimu mkuu na serikali ya kijiji, na kamati ya shule itaje kwa jina nani atashika ufunguo wa koki na kufungua kifuniko cha bomba la maji ya kwanza baada ya kila mvua. Mahubiri yafanyieni mbali na koki, ili familia isiyo ya dini yenu isione haya kutuma mtoto kuteka. Magomvi ya kijiji msiyaingie. Wamisionari Shergold Smith na O'Neill waliuawa huko huko Ukerewe Desemba 1877, katika ugomvi uliowahusisha mtemi Lukonge na mfanyabiashara Songoro.

SWALI: Mwanangu yumo katika safari hiyo. Je, akioga ziwani mara moja tu anaweza kupata kichocho?
Mama, Ilemela

JIBU: Ndiyo, mama. Vimelea hutoka kwenye konokono na kupenya ngozi kwa dakika chache, hasa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, na hasa penye maji tulivu yenye majani. Aogee maji ya ziwa yaliyochemshwa, au yaliyokaa siku mbili kwenye chombo kisicho na konokono. Ya kunywa yachemshwe kila mara, hata yakiwa yametuama. Akilowa, apimwe choo wiki 6 hadi 8 baadaye. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, hupimwa kwa uzito, kwa kawaida miligramu 40 kwa kilo, hivyo mwenye kilo 60 hupewa vidonge 4 vya miligramu 600, baada ya kula. Akiimeza mapema, haiui minyoo michanga. Akipata homa, kikohozi au vipele vya kuwasha wiki chache baada ya kurudi, amwambie daktari kwamba aliingia ziwani, maana homa hiyo hudhaniwa malaria.

SWALI: Tuvuke kwa njia gani na tenki letu?
Kijana yuleyule

JIBU: Kwa meli kutoka Mwanza hadi Nansio, au kwa barabara kupitia Bunda hadi Kisorya, kisha kivuko hadi Rugezi. Msilipakie tenki kwenye mtumbwi: likiwa tupu linakamata upepo na kupindua chombo. Kwenye kivuko lifungwe kamba pande mbili. Mkiona watu wamezidi, ngojeni safari inayofuata hata kama mnapoteza nusu siku. Kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa kimejaza kupita uwezo wake, na watu zaidi ya 220 walikufa. Vaeni jaketi okozi kabla chombo hakijang'oa nanga.