Kuvu wa tumboni mwa ng'ombe anapewaje jina?

SWALI: Kijana wangu wa chuo anasema ng'ombe wana kuvu tumboni wasiotaka hewa, na ukimpata mpya unampa jina. Unajiandikia tu? Mfugaji, Nzega

JIBU: Hapana mzee wangu. Wapo kweli, ndo wanaosaidia kuvunja yale mabua magumu ya mahindi ya kiangazi, ila walidhaniwa vijidudu vingine mpaka 1975 Colin Orpin wa Uingereza alipoonyesha, kwa kondoo, kuwa ni kuvu. Mpya unamkuza toka kinyesi kibichi kwenye chupa isiyo na oksijeni, joto kama nyuzi 39, hewa ikipenya tu imekula kwako, afu unachungulia kwa hadubini vijimbegu vyake vyenye mikia vinavyoogelea, unalinganisha DNA na wenzake. Jina la Kilatini linakuja mwishoni, na tangu 2013 lazima lisajiliwe lipate namba.