Mfadhili mkuu anaondoka Desemba: kikundi chetu cha ngoma kijipange vipi?

SWALI: Shikamoo mshauri. Mimi ni mratibu wa kikundi cha ngoma na maigizo hapa Majengo, Moshi. Tumesajiliwa kama NGO. Mfadhili wetu wa nje, anayelipa mishahara na pango, ameandika kwamba mkataba ukiisha Desemba hatauongeza. Mfadhili wa pili, wa mafunzo ya watoto mashuleni, anataka tumpelekee daftari la vihatarishi, yaani orodha ya mambo yanayoweza kutukwamisha na tutakavyoyakabili, kabla hajatoa awamu inayofuata. Benki tuna shilingi milioni 23, na kati ya hizo milioni 14 ni za mafunzo ya mashuleni. Matumizi ya kawaida ni milioni 3.6 kwa mwezi, pango likiwa 450,000. Waajiriwa wa kudumu ni wanne, kila mmoja analipwa 650,000 na ana miaka minne kazini. Mwenyekiti anasema kwa salio hilo tusiwe na presha. Tuanzie wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Anzeni na hizo milioni 23, daftari litafuata. Mwenyekiti ameangalia salio, lakini salio halisemi pesa ni ya nani. Milioni 14 ni za watoto wa mashuleni. Mkizigusa kulipa pango, hata kwa nia ya kuzirudisha, mmevunja mkataba na mfadhili pekee atakayekuwa amebaki. Vikundi vingi vya sanaa hapa Kaskazini havikuuawa na kuondoka kwa mfadhili. Viliuawa na kukopa kwenye mradi mmoja kuziba pengo la mwingine, hadi siku ya ukaguzi.

Kwa hiyo pesa yenu huru ni milioni 9. Ukigawa kwa 3.6 unapata miezi miwili na nusu, lakini hata hiyo haipo yote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi kutoa notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, pamoja na kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliotimiza, kwa miaka isiyozidi kumi. Kwa mshahara wa 650,000 na wiki ya siku sita za kazi, siku moja ni kama 25,000. Siku saba ni 175,000, mara miaka minne ni 700,000 kwa mtu. Kwa watu wanne ni milioni 2.8. Mkilipa notisi kwa fedha badala ya kuwaacha waifanyie kazi, ongeza milioni 2.6. Jumla 5.4, na bado sijagusa likizo ambazo hawajachukua.

Tisa toa 5.4 inabaki 3.6. Mna mwezi mmoja. Januari ikipita bila pesa mpya, mtakuwa mnakula stahili za wenzenu. Ndiyo maana nataka bodi ikae Novemba, siyo Januari, na muhtasari uandike wazi: ikifika tarehe fulani hatujasaini mkataba wowote, tunafanya hivi. Labda wawili wahamie malipo ya kazi kwa kazi, labda mnahamia kwenye ukumbi wa kushirikiana na wenzenu. Uamuzi ni wenu, ila uandikwe mkiwa bado mmetulia. Sheria hiyohiyo inataka wafanyakazi wapewe taarifa na kushauriwa kabla ya kupunguzwa, kwa hiyo waambieni mapema. Wasanii wana haki ya kujua, na wao ndio wanaojua kazi zilipo.

Tukija kwenye kazi, Desemba iko upande wenu. Wachagga wanarudi nyumbani, na kuanzia mjini hadi Marangu na Machame kuna kipaimara, ubatizo, send-off na harusi. Najua wapo wanaoona kupiga ngoma kwenye sherehe kunashusha hadhi ya shirika. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Pesa ya sherehe haina masharti, na pesa isiyo na masharti ndiyo mnayoikosa. Wekeni bei moja kwa maandishi, nusu ilipwe kabla, na bei ya undugu ikatazwe na bodi ili mratibu asibebe lawama peke yake. Hoteli zinazopokea wapanda mlima zifuatwe sasa, kwa sababu masika ya Machi hadi Mei huwa kumepoa. Bei andikeni kwa shilingi: kanuni zilizoanza Machi 2025 zinakataza kutangaza bei za ndani kwa fedha za kigeni. Pia muulizeni mhasibu kuhusu TRA, maana usajili wa NGO peke yake hauondoi kodi kwenye mapato ya biashara.

Kama mfadhili anayeondoka bado ana awamu ya mwisho ya kuwatumia, bajeti yenu isitumie kiwango cha leo cha kubadilisha fedha. Mwishoni mwa 2024 dola ilishuka kutoka karibu shilingi 2,700 hadi karibu 2,400 ndani ya miezi michache. Kwenye dola 5,000 hiyo ni milioni 1.5, yaani pango lenu la zaidi ya miezi mitatu.

Sasa daftari la vihatarishi. Ukurasa mmoja unatosha. Kila mstari useme nini kinaweza kutokea, dalili yake ya kwanza ni ipi, na nani, kwa jina, atafanya nini. Usiandike "upungufu wa fedha". Andika "pesa huru ikifika milioni 5.4, mweka hazina anaitisha bodi ndani ya siku saba". Stoo ya ngoma iwe na mstari wake: ngozi ikinyonya unyevu wa masika inalegea na kuoza, na panya hawana huruma. Ngoma zipande juu ya mbao, zipigwe picha, thamani ya kila moja iandikwe. Mstari mwingine ni wa mawasiliano. Oktoba 29, 2025 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na aliyekuwa na namba za wazazi kwenye WhatsApp tu alikwama. Orodha ichapwe, ikae ofisini. Na waidhinishaji wa benki wawe watatu, wawili wakitosha kusaini, mmoja akisafiri kazi isisimame.

Mstari wa kumtegemea mfadhili mmoja msiupambe. USAID, shirika la misaada la Marekani, ilipofunga shughuli zake Julai 1, 2025, pigo halikuishia kwa waliosaini nayo mikataba. Lilifika hadi kwa vikundi vya maigizo vilivyokuwa vikilipwa kidogokidogo kupitia miradi ya afya. Mfadhili wenu wa pili analijua hilo. Mkimwandikia namba halisi, zikiwemo hizo 5.4, atawaamini kuliko mkimwandikia kwamba kila kitu ni shwari.

Jambo moja msilichelewe. Someni mkataba unaoisha, sehemu ya mali: spika, kompyuta na ngoma zilizonunuliwa kwa pesa ya mradi mara nyingi haziwi zenu mpaka mfadhili aandike. Ombeni barua hiyo sasa, na humohumo ombeni miezi mitatu ya pango ya kuvukia. Tumeni kabla ya katikati ya Desemba, ofisi zao zikifunga kwa Krismasi hamtapata jibu hadi mkataba uwe umeshakwisha.